Milimita Kumi na Nane

Umeme ulikatika Soweto usiku wa pili wa sindano.
Tukabeba kile kiboksi, barafu ikitudondokea viganjani,
hadi kwenye jokofu la Mama Ndeonasia, muuza soda.
Alikisukuma nyuma ya maziwa mgando, hakuuliza.
Alisema tu, "Mimi nina jenereta."

Mimi ni seremala. Mikono hii inajua msumari,
haikujua ngozi ya mtu inayempenda.
Saa tatu usiku, kila usiku,
unafinya nyama ya tumbo kwa vidole viwili,
unatazama ukutani kwenye kalenda ya saccos.
Nahesabu moja, mbili.
Tatu huwa unaisema wewe, Aikande.

Miaka sita mama yangu alikuhesabia wewe peke yako.
Alileta mizizi kutoka Kidia, akasema
mgomba usiotoa mkungu hukatwa,
nami nikala, nikanyamaza.
Nilinyamaza vizuri sana.
Hata siku nilipopewa kikopo chenye kifuniko cha njano
na chumba chenye komeo bovu
(nililikagua lile komeo, skrubu mbili zimelegea),
hata majibu yaliposema mbegu zangu ni chache
na huchoka njiani,
nilikaa siku nne kabla ya kupanda kwake.
Nikafika, nikashindwa. Nikachuma jani la sale uani,
nikateremka nalo mpaka kwako.
Ulilipokea. Ukalitia kwenye glasi ya maji.
"Mwambie yeye kwanza," ukasema.
Nikapanda tena kesho yake.

Daktari alieleza homoni ni ujumbe.
Mimi niliona mfereji.
Kule juu maji huja kwa zamu;
nyuma ya macho yako kuna tezi, ndogo kama punje ya kunde,
na huyo ndiye mgawa maji.
Kila mwezi mayai kadhaa huamka na kiu,
maji hutosha moja,
mengine hukauka pembeni bila kosa.
Sindano hii inazidisha maji,
yanywe yote.

Kumbe na wewe ulifurika.
Ulilia kwa sababu ya chumvi. Ulilia kwa sababu ya redio.
Tumbo likakaza kama ngoma, na bado alfajiri ukaenda Kiborloni
kuuza makoti ya mitumba,
makoti tu, miaka yote hii,
robota la nguo za watoto ukimwachia jirani.

Siku ya kumi, skrini, vifuko vyeusi vimesongamana.
Daktari akapima: kumi na mbili, kumi na nne,
kumi na nane.
Nikacheka kwa sauti, nesi akanitazama.
Kumi na nane! Ndio unene wa ubao wa kabati.
Nimeishi na kipimo hiki mkononi
tangu nikiwa mwanagenzi.

Randa ya umeme niliiuza kulipia. Sasa naranda kwa mkono,
polepole, na wateja wanalalamika.

Sindano ya mwisho ilikuwa na saa yake: nne na nusu kamili,
si dakika kabla, si dakika baada.
Mayai tisa. Matano yakakubali.
Mawili yakafika siku ya tano,
moja likagandishwa, moja likarudi nyumbani
kwa mrija mwembamba kuliko uzi wa kushonea godoro.
Ulinishika kidole gumba, kile chenye kovu la msumeno.
Hukusema tatu.

Leo ni siku ya tisa ya kungoja.
Mama ameshuka na ndizi. Hajasema neno,
amekaa jikoni anazimenya mwenyewe.
Wewe umelala ubavu, macho wazi.
Kalenda haina tena pa kutia alama,
penseli imekaa sikioni bila kazi.

Sasa hivi Mama Ndeonasia amemtuma mwanawe mlangoni:
kile kiboksi kitupu, akitupe,
au bado tunakihitaji?
Nimemwambia akiweke.